Umepata theodolaiti ya zamani haina kitabu? Hivi ndo unavyoitafuta manuali yake

Wakuu habari za sahizi. Hili swali naulizwa sana na vijana wa hapa Tabora, hasa waliomaliza chuo juzijuzi na wale wanaozunguka na wapima kama wasaidizi, nikaona niandike lote mara moja ili mtu akiniuliza tena namtumia asome taratibu.

Iko hivi. Huku kwetu vifaa vya upimaji vya zamani vimelala vingi mno. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914, na reli haijengwi bila mtu wa kupima kutangulia mbele, halafu akaja Mwingereza na mradi wake wa karanga pale Urambo, halafu serikali yetu na viwanja na mabarabara, kila zama imeacha vyombo vyake stoo. Unakuta boksi la chuma limekaa kama kengele, au kasha la mbao mkanda wa ngozi umeshakatika, unafungua ndani theodolaiti (kile kifaa cha mpima cha kupimia pembe) imetulia, lenzi safi, skrubu zinazunguka laini kabisa, ila kitabu hakuna. Kitabu kilishaondoka na mtu zamani, kilifungiwa maandazi, hakuna anayejua. Na bila kitabu watu wanafanya mawili, ama wanakiuza kwa bei ya chuma chakavu ama wanaanza kufungua skrubu kwa kubahatisha, na yote mawili yananiuma sana.

Ya kwangu ni Wild T2, Wild ni kiwanda, T2 ndo modeli. Alinipa mjomba, yeye alikuwa mshika stafu (ile rula ndefu inayosimamishwa mpima aisome) miaka na miaka, akashuka nayo kwenye baiskeli kaifunga na mpira, akaniambia "mjomba we ndo umesoma, chukua hii kabla wajukuu hawajaifanya mwanasesere". Usiku huohuo nikaweka bando nikatafuta manuali, nikapata PDF moja ya T2, nikafurahi, kesho yake nikaweka vigingi vitatu chini ya miembe hapa Isevya nipime pembetatu. Kuzungusha tu nikakuta namba 387. Nikashtuka, duara gani lina nyuzi 387? Nikasema pengine macho, nikaendelea, pembe ya kwanza 71 na kitu, ya pili 58 na kitu, ya tatu 70 na kitu, najumlisha napata 200 kamili badala ya 180. Siku mbili nzima nilikuwa najua nimepewa kifaa kibovu na sikutaka hata kumwambia mjomba. Kumbe kifaa kizima kabisa. Duara lake limegawanywa goni 400, siyo nyuzi 360, pembe mraba inasoma 100, ndo mtindo wa nchi nyingi za bara Ulaya, na manuali niliyopakua ilikuwa ya T2 ya nyuzi. Jina lilelile, kiwanda kilekile, kitabu siyo chake.

Kwa hiyo ukichukua moja tu kwenye maelezo yangu chukua hili: kisome kifaa kwanza, intaneti baadaye. Kifaa chenyewe ndo kinakwambia kitabu chake kiko wapi.

Unakisomaje sasa. Kaa mezani mchana kwenye mwanga, tandika kitambaa safi, uwe na tochi ya simu na karatasi. Usifute kitu kwa spiriti wala petroli maana maandishi mengine yamepakwa rangi tu juu ya mchongo na ukisugua yanaondoka. Tafuta jina la kiwanda, kwenye theodolaiti linakaa ubavuni kwenye ile miguu miwili inayobeba darubini au kwenye darubini yenyewe, kwenye levo (kifaa cha kupimia tofauti ya kimo cha ardhi) linakaa kwenye mwili wa darubini. Kisha modeli, inaweza kuwa herufi na namba tu kama T1A, T16, DKM2, Theo 020, Te-B1. Kisha siriali namba, hii iandike kama ilivyo pamoja na herufi zake, na angalia pia namba ya kwenye kitako na ya kwenye boksi, zikitofautiana ujue vimechanganywa zamani, siyo kosa ila uwe unajua. Piga picha vyote. Halafu fungua mfuniko wa boksi uangalie ndani yake, watu wengi hawafanyi hivi na wanapoteza, kuna viwanda vilibandika humo karatasi inayoonyesha kifaa kinakaaje kwenye boksi, na mara nyingine mpima mwenyewe aliandika kwa penseli marekebisho yake na tarehe, hiyo penseli ina thamani kuliko PDF nyingi.

Sasa ingiza jicho. Kwenye darubini tazama kitu cha mbali, mnara au mti, kama kinaonekana miguu juu kichwa chini usiogope, darubini za zamani ndo zilivyokuwa, zinageuza picha, na hiyo ni alama kubwa maana baadhi ya modeli zilitoka kwanza zikigeuza na baadaye zikatoka zinazoonyesha wima, na manuali zake zina michoro tofauti. Halafu nenda kwenye kile kijicho kidogo pembeni cha kusomea duara, fungua kioo cha kuingiza mwanga, kilenge angani (siyo kwenye jua, hata siku moja usielekeze lenzi yoyote kwenye jua), zungusha kifaa taratibu duara zima huku unasoma. Kama namba zinaishia 359 zinarudi sifuri ni nyuzi. Zikipita 360 kwenda 399 ni goni. Kisha weka kamera ya simu kwenye kijicho hicho, tulia, piga picha ya unachokiona. Itakusumbua, mi ilinichukua kama mara ishirini mkono unatetemeka, lakini hiyo picha ndo utakuja kuishukuru mwishoni, ntaeleza kwa nini.

Kingine angalia majina yanayofanana, hapa wengi wanaanguka. Wild N2 ni levo ya kusawazisha kiputo kwa mkono, Wild NA2 ni levo inayojisawazisha yenyewe, na Zeiss wa Oberkochen naye ana Ni2 yake iliyotoka 1950, hiyo nayo inajisawazisha na ndo iliyofungua njia kwa levo za aina hiyo. Mtu akiandika gugo "N2 level" anapata zote tatu, anapakua ya kwanza, anaanza kutafuta skrubu ambayo kwenye kifaa chake haipo.

Ukishajua ni nani kakitengeneza inabidi ujue alioa wapi na kaolewa na nani, maana viwanda hivi vingi vimekufa kwa jina ila vitabu vimehamia kwa warithi. Wild ilianzishwa Heerbrugg Uswisi 1921, Heinrich Wild mwenyewe alitokea Zeiss kule Jena, na kampuni yake ikaja kuwa Leica mwaka 1990. Kern ya Aarau ni ya tangu 1819, Wild wakainunua 1988 na muda mfupi baadaye kiwanda kikafungwa, kwa hiyo mambo ya Kern nayo mrithi wake ni Leica. Zeiss ni wawili, hapo weka akili, baada ya vita Ujerumani ilipogawanyika kukawa na Zeiss ya Jena upande wa mashariki, hawa ndo wa Theo 010, Theo 020 na Dahlta, na Zeiss ya Oberkochen upande wa magharibi, wa Th2 na Ni2. Kitabu cha mmoja hakikusaidii kwa mwingine. Wa Oberkochen upande wao wa upimaji umeishia Trimble, na wale wa Geodimeter wa Sweden pia wameishia hukohuko Trimble. Sokkisha ya Japani ilibadilisha jina ikawa Sokkia 1992, ikachukuliwa na Topcon 2008. Waingereza, Cooke, Troughton & Simms wa York waliungana 1922 chini ya Vickers, na Watts wakaungana na Hilger 1948 ikawa Hilger & Watts, wale wa theodolaiti za Microptic. MOM ni ya Budapest. Breithaupt ya Kassel ni ya tangu 1762, ukikuta jina hilo hapa Tabora au Kigoma kwenye shaba nyeusi nyeusi kuna uwezekano mkubwa ni mabaki ya Mjerumani, itunze kama yai.

Kwa nini nimekueleza ukoo wote huo? Kwa sababu ukiandika jina la sasa hupati na ukiandika la zamani unapata. Manuali ya T2 haijaandikwa Leica, imeandikwa Wild Heerbrugg. Ya Sokkia ya miaka ya 70 imeandikwa Sokkisha. Lakini ukitaka kumwandikia mtu barua pepe unamwandikia mrithi.

Haya tuingie kwenye kutafuta. Usiandike "theodolite manual" peke yake, utaletewa maduka. Andika jina la zamani la kiwanda, modeli, halafu neno ambalo limeandikwa kwenye jalada lenyewe, Wild walipenda "instructions for use", wengine "operating instructions", wengine "user manual". Usipopata hamia Kijerumani, hiki ndo kitu kilichoniokoa mara nyingi, andika "Gebrauchsanweisung" au "Bedienungsanleitung" pamoja na modeli, maana vifaa vingi hivi vilizaliwa kwenye Kijerumani na skani za Kijerumani nazo ziko nyingi. Kwa Kifaransa ni "mode d'emploi". Usiseme sijui Kijerumani, michoro haina lugha, na simu yako ukielekeza kamera kwenye ukurasa programu ya kutafsiri inakupa maana ya kutosha, mi nimesoma kurasa nzima namna hiyo nikiwa nimekaa nje jioni. Ongeza neno pdf mwishoni. Na jaribu modeli imeandikwa kwa njia tofauti, T2, T-2, T 2, Theo020, Theo 020, mashine ya kutafuta kwake hivyo ni vitu tofauti.

Kuhusu mahali, kama kifaa chako ni Wild anza na tovuti inayoitwa Virtual Archive of Wild Heerbrugg, imekusanya historia na nyaraka za kiwanda kile pamoja na orodha za siriali namba zinazokuonyesha kifaa chako ni cha miaka gani, na umri ndo utakaokwambia ni toleo lipi la kitabu. Kama ni Kern kuna mkusanyo wake unatunzwa na makumbusho ya mji wa Aarau kwa jina Studiensammlung Kern, nao wameweka vitu vingi wazi. Vya Kiingereza vya York, nyaraka za Vickers Instruments zimehifadhiwa Borthwick Institute, Chuo Kikuu cha York, hapo siyo kupakua tu, ni mahali pa kuandika barua ya adabu ukaeleza una nini. Vya Kimarekani vya zamani kama Gurley wa Troy ndo rahisi kuliko vyote, Gurley walikuwa wanachapa kitabu kinene kinachoeleza vifaa vyao na namna ya kuvirekebisha, wamekichapa matoleo mengi, na kwa kuwa ni vya zamani sana haki zake zimeshaisha na viko bure Internet Archive, ile maktaba ya mtandaoni. Humo Internet Archive usitafute kwa modeli tu, tafuta kwa jina la kiwanda na neno "catalogue", maana katalogi za zamani zilieleza kifaa kinavyofanya kazi karibu kama manuali yenyewe, tofauti na siku hizi katalogi ni picha na bei.

Sasa njia ambayo wengi hawaijui. Jeshi la Marekani lilitumia T2 na T16 kwa kupima mahali mizinga inapokaa na inapoelekezwa, na jeshi linaandika maelekezo kwa mtu ambaye hajawahi kushika kifaa kabisa, hatua moja moja, kusimamisha tripodi, kusawazisha, kusoma, kuangalia kama kiko sawa, kukirudisha kwenye boksi. Kitabu chao cha upimaji wa mizinga kinaitwa FM 6-2, na ni nyaraka ya serikali yao kwa hiyo iko wazi, unapakua bila kumkosea mtu. Vile vile vitabu vyao vya matengenezo vinaanza na TM 5-6675, hiyo 6675 ni kundi la vifaa vya upimaji na uchoraji ramani kwenye stoo zao, ukiandika hiyo namba na jina la kifaa unapata mpaka orodha ya vipuri. Ila nakutahadharisha kitu kimoja, mizinga haihesabu kwa nyuzi wala goni, wao duara ni mili 6400, kwa hiyo kurasa za kusimamisha na kutunza zinakufaa moja kwa moja, kurasa za kusoma duara zinakufaa kwa kuelewa mtindo tu, namba zake usizichukue. Ingekuwa ni mimi wa kipindi kile cha pembetatu ningechanganyikiwa mara mbili.

Kuna wanaouza manuali. Wapo wa kweli, wanauza kitabu halisi cha karatasi na bei huwa siyo mbaya, na wapo wezi. Mtu akikwambia lipa kwanza upate PDF mwombe picha ya jalada na ya ukurasa wa yaliyomo, mwenye kitabu hashindwi kupiga picha mbili. Tovuti ikikupa faili linaloishia exe badala ya pdf lifute palepale usilifungue hata kwa udadisi. Na tovuti zinazodai kadi ya benki ili "usajili wa bure" achana nazo, nimeona kijana wa hapa kaliwa elfu arobaini kwa manuali ambayo ilikuwa bure sehemu mbili.

Ukishindwa kote andikia mrithi wa kiwanda. Barua fupi, Kiingereza chepesi, modeli, siriali namba, picha mbili, unahitaji nini, kitabu cha mtumiaji au cha fundi. Hivi ni vitu viwili tofauti na inabidi ujue unachotaka. Cha mtumiaji kinakufundisha kusimamisha, kusoma na yale marekebisho madogo ambayo mpima mwenyewe anaruhusiwa. Cha fundi kinafungua tumbo, hicho hawakitoi hovyo na kusema kweli kwa mtu wa nyumbani hakifai, theodolaiti ya sekunde moja ukishafungua duara lake la kioo huku kwenye vumbi la Tabora mwezi wa tisa umeiua.

Na sasa wazee. Nimewaweka hapa mwishoni lakini kwa kweli ndo wa kwanza. Hapa mjini tuna Chuo cha Ardhi, kuna maktaba na kuna walimu, nenda na barua au nenda na mtu wanayemjua, uliza kwa upole kama kuna vitabu vya vifaa vya zamani, usiende na mikono mitupu nenda na picha zako. Halafu tafuta wapima waliostaafu. Mi nilielekezwa kwa mzee mmoja Ng'ambo, nikaenda jioni baada ya swala nikamkuta kibarazani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu, karibu, kaa hapo. Umetoka kwa nani?"

Nikajieleza, nikamtaja mjomba, akacheka akasema huyo namfahamu alikuwa anakimbia na stafu kama swala. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Hakuuliza kuhusu kitabu kabisa. Aliniuliza "umeshafunga ile skrubu ya kiputo?" nikamwambia sijaigusa babu. Akasema "vizuri, usiiguse. Niletee mashine kesho asubuhi jua halijawa kali."

Kesho yake akanionyesha kwa mikono kitu ambacho kurasa sita za PDF zilikuwa zimenishinda. Akaning'iniza timazi, akaweka kichwa cha tripodi karibu usawa kwa miguu kwanza, akakanyaga chuma za miguu ardhini, ndo akagusa skrubu tatu za chini, mbili kwa wakati mmoja, vidole gumba vyote vinaelekea ndani au vyote nje, akasema kiputo kinafuata kidole gumba cha kushoto. Hilo la kidole gumba cha kushoto sitalisahau. Nikaomba ruhusa nimrekodi video, akakubali, na nakushauri ufanye hivyohivyo, omba ruhusa kwanza, rekodi mikono yake siyo uso, na mpelekee hata sukari kilo moja na kikopo cha asali, siyo malipo, ni adabu. Kwenye kabati lake kulikuwa na daftari na karatasi tatu za manuali ya zamani zilizolowa maji, ukurasa wa marekebisho ukiwemo. Nikazipiga picha palepale kibarazani. Hizo hazipo intaneti.

Tuseme sasa umepata PDF. Utajuaje kuwa ndo yenyewe? Hapa ndo ile picha ya kijicho cha kusomea inafanya kazi. Fungua sehemu inayoeleza kusoma duara, kutakuwa na mchoro wa dirisha, linganisha na picha yako. Yakifanana sawasawa, mistari, namba, idadi ya madirisha, umepata kitabu chako. Yasipofanana hata kama jalada linasema T2 endelea kutafuta. T2 yenyewe ni mfano mzuri kwa sababu imetengenezwa miaka mingi na dirisha lake limebadilika. Zile za zamani za nyuzi unaona mistari ya juu na ya chini, ni pande mbili za duara zinazotazamana, unazungusha kitufe cha mikromita mpaka mistari ya juu ikae juu ya mistari ya chini kama meno yanavyokutana, kisha unasoma namba ya nyuzi iliyo wima, unatafuta namba yake mwenza iliyopinduka inayotofautiana nayo kwa 180, unahesabu nafasi zilizopo kati yao, kila nafasi ni dakika 10, halafu dakika na sekunde zinazobaki unazisoma kwenye skeli ya mikromita. Kwa mfano ukiona 73 wima na 253 imepinduka, katikati nafasi 4, hiyo ni nyuzi 73 dakika 40, mikromita ikisema 6 na 18 jibu lako ni nyuzi 73 dakika 46 sekunde 18. Zile mpya za kuanzia miaka ya 70 zimekuondolea kazi ya kuhesabu, zinakuonyesha tarakimu za makumi ya dakika moja kwa moja. Ukitumia kitabu cha moja kwenye nyingine utakaa unatafuta namba iliyopinduka ambayo haipo. Na kumbuka T2 ina kijicho kimoja kwa duara la mlalo na la wima, kuna kitufe chenye mstari, mstari ukilala unasoma la mlalo, ukisimama unasoma la wima, mi wiki ya kwanza nilikuwa nasoma la wima nikidhani mlalo.

Kwa wenye levo kuna jaribio ambalo halihitaji manuali kabisa, la vigingi viwili. Piga vigingi viwili umbali wa kama mita 50 au 60, simama katikati sawasawa soma stafu zote mbili, tofauti unayoipata ni ya kweli hata kama levo imepinda maana kosa linajifuta, kisha hamisha levo karibu na kigingi kimoja soma tena. Tofauti ikibaki ileile levo nzima. Ikibadilika levo imehama, na hapo sasa ndo unahitaji kitabu kikuonyeshe ni skrubu ipi inasahihisha, usiikisie, maana kwa levo za kiputo unarekebisha kiputo na kwa zinazojisawazisha unarekebisha mstari wa ndani ya darubini, ukichanganya unaharibu viwili kwa mpigo.

Ukishahakikisha ndo chenyewe ipe faili jina la maana, kiwanda, modeli, nyuzi au goni, lugha, siyo "download(7)". Weka kopi kwenye simu, moja kwenye flashi, moja jitumie mwenyewe kwa barua pepe. Kisha nenda steshenari uchape kurasa chache tu, ya kusimamisha, ya kusoma duara, ya marekebisho na ile ya namna ya kukilaza kwenye boksi, hii ya mwisho usiidharau, vifaa vingi vimevunjika kwa kulazimishwa kuingia boksini vibaya. Waambie wachape kubwa, maana ukiwa porini jua limewaka maandishi madogo hayasomeki. Ziwekee plastiki, zibandike ndani ya mfuniko wa boksi, na kwa kalamu isiyofutika andika juu kama ni 360 au 400. Ya kwangu nimeandika GONI 400 kwa herufi kubwa nyekundu, na chini yake tarehe niliyoipeleka kwa babu.